Dirisha Jeusi la Tamsin

Mimi dirisha tupu silipendi. Naongelea lile dirisha jeusi la kompyuta ambamo sisi waandika programu tunaandika amri zetu, kipanya tumewaachia wenye muda wa kupoteza. Langu nimelipamba miaka sita. Likifunguka linanisalimu kwa jina, linanionyesha kwa rangi niko folda gani, betri imebaki kiasi gani na maji ya mto Derwent yanajaa saa ngapi. Amri ndefu zote nimezifupisha, herufi moja tu na kazi imekwisha. Na nikiamuru kitu kifutwe, linaniuliza kwanza kwa maandishi mekundu: "Fergus, una uhakika?" Mara nyingi sina, basi nakataa na maisha yanaendelea.

Sasa nikaletewa Tamsin, akae meza ya pembeni yangu. Ofisi yetu iko Hobart, tunatengeneza programu za wafugaji wa chaza, za kuwapasha habari maji yakichafuka au yakizidi joto. Tamsin alikuja kwa majaribio ya miezi mitatu, atengeneze ramani ya mashamba yao ya baharini. Binti mpole, saa mbili kamili yuko kitini, na dirisha lake jeusi halina kitu. Alama ya dola inayosubiri amri, basi. Miezi mitatu nimeitazama dola ile huku roho inaniuma.

"Tamsin, hivi unajuaje uko folda gani?"

"Nauliza, kaka. Naandika amri, inanijibu."

"Kila mara?"

"Kila mara."

"Herufi tatu kila mara! Unajua kwa mwaka hizo ni sekunde ngapi?"

"Na wewe hilo lako umelipamba kwa sekunde ngapi?"

Meza za nyuma wakacheka. Nikajifanya nina simu ya kupiga.

Majaribio yake yaliisha siku ya Alhamisi. Saa nane mchana wafugaji wanne wangekuja kuiona ramani. Ikiwapendeza, bosi wetu Noelene anampa kazi ya kudumu. Isipowapendeza, anarudi kwao Burnie kwa mama yake, akauze vifaa vya uvuvi dukani. Alituambia mwenyewe bila kulalamika. Saa sita na nusu akasema anatoka kidogo kupunga upepo. Akaondoka, kompyuta kaiacha wazi.

Pale kwetu ukiiacha kompyuta yako wazi umejitakia mwenyewe. Utarudi ukute picha ya kioo imegeuzwa miguu juu, au ofisi nzima imeandikiwa kwa jina lako kwamba kesho unaleta keki, na keki utaleta. Lakini mimi sikwenda kufanya utani. Nilitaka kumpa zawadi, arudi akute dirisha linang'aa, jina lake juu, apate moyo kidogo kabla ya wageni.

Nikakaa kwenye kiti chake, mkono wa kushoto nimeshika pai yangu ya kome wa bizari. Nikaanza na rangi zangu tu, nikazinakili kwenye folda mpya. Nilipozijaribu zikaja vibaya, kijani cha kutapisha, nikazizima. Si neno, nikasema, naingia humo, nafuta vyote, naanza upya. Nikaandika herufi yangu moja, ile inayonipeleka kwenye folda niliyotoka kuitengeneza. Kompyuta ikajibu kitu, sikusoma, mchuzi ulikuwa unanichuruzika mkononi. Nikaandika amri ya kufuta vyote vilivyomo, nikabonyeza, nikasubiri iniulize kama nina uhakika.

Haikuniuliza. Ikarudi ile dola.

Ndipo nikasoma. Ilikuwa imenijibu kwamba herufi ile haiijui. Itaijuaje, na vifupisho vyangu viko kwenye kompyuta yangu mimi? Kwa hiyo sikuwa nimeenda popote. Nilikuwa pale pale Tamsin alipopaacha, ndani ya folda ya ramani, na humo hamkuwa na ramani tena. Miezi mitatu ya mtoto wa watu. Jasho likanitoka, na Hobart mwezi wa saba ni baridi kali, mtu hatokwi na jasho hivi hivi.

Sitawaficha, niliwaza kuinuka. Hakuna aliyekuwa ananitazama, na kompyuta za watu huharibika kila siku. Niliwaza hivyo kwa muda wa kumeza pande moja la pai, kisha nikajiona mshenzi, nikabaki kwenye kiti.

Akarudi saa saba kasorobo.

"Kaka Fergus, umekaa kwangu."

"Tamsin, nimeifuta ramani yako."

Aliitazama dola, akanitazama mimi, akaitazama pai.

"Yote?"

"Yote. Nilidhani itaniuliza."

"Ikuulize nini?"

"Kama nina uhakika."

"Mtu mzima na ndevu zako unafuta kitu huna uhakika?"

"Namwambia Noelene sasa hivi kwamba ni mimi," nikasema. "Wafugaji nitawapigia magoti waje wiki ijayo. Huwezi kuondoka kwa ujinga wangu."

"Sogea," akasema.

Akakaa. Akaandika amri moja ndefu, herufi kwa herufi, bila kifupisho hata kimoja, na mimi nimesimama nyuma yake nimeshika kichwa. Mistari ikaanza kushuka. Ramani ikarudi yote, hata marekebisho ya asubuhi ile.

"Imetoka wapi?"

"Kwenye seva, ile kompyuta kuu ya ofisi. Kila nikiinuka hapa natuma nakala kwanza. Hata nikienda chooni."

Nilifurahi mpaka machozi yakanilenga. "Hiyo ndiyo akili, dada. Ulianza lini?"

"Siku ya pili."

"Mbona siku ya pili?"

"Siku ya kwanza nilikuwa bado sijakujua."

Wafugaji waliipenda ramani, mmoja wao akaomba aonyeshwe shamba lake mara tatu. Saa kumi Noelene akampa Tamsin karatasi ya kazi aweke sahihi, akamuuliza kama ana ombi lolote. Alikuwa nalo moja, ahamishiwe ile meza ya mbali, karibu na jiko. Iliniuma, lakini kompyuta yake nilimbebea mimi mwenyewe. Aliniruhusu baada ya kuizima.