Udi wa Inès

"Zima hiyo kitu, Godelive! Zima kabla sijaimwagia maji!"

"Mwaga uone. Mwaga, Mama Serge, halafu utajua mimi ni Mrundi wa wapi."

Ndivyo tulivyokuwa Jumanne ile, mlango wake ukitazama mlango wangu, ghorofa ya saba, Albert Park, hapa Durban. Mimi nina kitenge kifuani na ndoo mkononi, yeye ameshika sahani ya mkaa. Moshi ulikuwa umejaa korido nzima, mzito, mtamu, wa kukaa kooni. Mimi ni wa Uvira, nimeokoka mwaka wa kumi na mbili sasa, na sisi wa maombi harufu ile tumeijua tangu zamani. Ni ya watu wanaoita majini.

"Hapa iko watoto," nikasema. "Iko watu wa sala. Unaita pepo gani?"

"Pepo? Hii ni tiketi ya Inès! Nisipoiuza, mdogo wangu hamwoni mtoto wake. Unasikia?"

Nilisikia. Siwezi kusema sikusikia. Hata mlango wa tatu walisikia, maana walikuwa wameufungua kidogo ili wasipitwe.

Inès tulimjua jengo zima bila kumwona. Godelive alikuwa anafungulia ujumbe wake wa sauti kwa nguvu akiwa anapika, na sisi tunaingia kuonja mboga ili tusikilize. Alikuwa Dubai, anauza manukato kwenye moli moja kubwa, na wanunuzi alitusimulia kama filamu. Wenyeji hawaulizi bei, alisema. Mama anaingia na binti zake, wanakaa, wanaletewa kwanza kahawa na tende. Ndipo wanaanza: mafuta nyuma ya sikio, manukato juu yake, halafu moshi wa udi ndani ya nguo, na chupa ileile wanachukua tano za kuwapelekea mawifi. Wahindi wanakuja ukoo mzima, bibi ndiye anayeamua. Wafilipino wanakuja siku ya mshahara, wananusa duka lote, wanatoka na kichupa kimoja cha kutuma nyumbani. Wazungu wanapiga picha boksi.

"Lakini dada," sauti ya Inès ilikuwa inashuka hapo, kama mtu anatoa siri, "mwisho wote wanaondoka na udi. Kila taifa."

Kisha duka likapunguza watu. Inès akapewa haki yake ya mwisho, na mwezi mmoja tu wa kuruhusiwa kubaki Dubai. Fedha ile ilitosha tiketi ya Bujumbura, alikomwacha binti yake Lyse kwa bibi akiwa anatambaa. Sasa Lyse anakwenda shule. Lakini kurudi mikono mitupu ni aibu, sote tunajua. Kwa fedha ileile akanunua udi, katoni nzima, akampa mtu aliyekuwa anakuja Durban. Dada auze upesi, tiketi ipatikane na mtaji ubaki.

Wafanyabiashara wetu wanaokwenda kule wanaleta simu, viatu, nywele. Wanajua anayesubiri huku. Inès aliwajua wateja wa duka lake tu. Sisi wa mikesha ya maombi hakuna aliyetuuliza kama tunafukiza.

Godelive alipofunga mlango, nilichukua simu nikarekodi kwenye grupu la jengo: "Wapendwa, ghorofa ya saba kuna moshi wa majini. Fungeni madirisha, fungieni na watoto ndani." Wengine walicheka. Baadaye mmoja akaweka mstari wa Biblia, na kicheko kikaisha.

Alhamisi Kidawa, jirani yetu wa jengo hilihili, alikuja saluni ninakofanya kazi nimsuke. Yeye ni wa Tanga, na mdomo wake hauna breki.

"Umemharibia yule dada, Mama Serge. Udi wake mzuri hasa! Nimechukua makopo mawili. Kwetu huo ni wa harusi, wa mgeni, wa mama aliyejifungua."

"Kwenu."

"Haya, kwetu. Na hao majini wako wapi? Nafukiza tangu utoto, sijapata hata mmoja wa kunisaidia kufua."

Nilicheka mpaka kitana kikaanguka. Halafu nikamuuliza, kama mtu asiyejali, kwa nini Godelive asiwauzie Waislamu wa mjini.

"Kule Grey Street, kwenye maduka ya Waislamu? Wale wana udi wao tangu babu zao. Atamuuzia nani?"

Nikaendelea kusuka. Nikakosea mstari, nikafumua.

Mawazo yote ya biashara Godelive aliyatoa kwa Inès, na Inès alikuwa amesema mteja analishwa kwanza. Basi akaalika wanawake wa jengo waje Jumapili baada ya ibada. Aligonga kila mlango, wangu akauruka. Jumamosi nilisikia kisu chake tangu asubuhi. Kuku, sombe ya majani ya muhogo, dagaa wa ndagala, ndizi.

Kanisani walikuwa wanasukumana viwiko. "Yvette, utaenda kula kwa majini?" mmoja wa jengo letu alimuuliza mwenzake. Mimi ndiye mwenye maikrofoni ya matangazo ya kina mama. Niliishika. Sentensi moja ingetosha: wapendwa, nilikosea, ule ni uturi tu. Nikatangaza mazoezi ya kwaya, nikakaa.

Lifti yetu imekufa siku nyingi, kila anayepanda unamsikia. Nilikaa nyuma ya mlango wangu nasikiliza. Viatu vya watu wawili vilifika ghorofa ya sita, vikasimama, vikanong'ona, vikashuka. Kidawa alikuwa zamu kiwandani, Mobeni. Saa kumi nilivuka korido.

Mlango ulikuwa wazi. Viti vya kuazima vimepangwa kuzunguka ukuta, makopo ya udi yamejipanga juu ya kitambaa cheupe. Godelive amekaa peke yake, simu mapajani.

"Nimekuja kusema..." nikaanza.

Alibonyeza simu, na sauti ya Inès ikajaa chumba, haraka haraka, kama mtu anayeitwa huku anaongea:

"Dada, siku zimeniishia. Nimesaini. Nyumba moja huko Riyadh, kazi za ndani, miaka miwili. Paspoti wamechukua jana. Usimwambie Lyse kwanza. Huo udi uuze polepole tu."

Ikakatika.

"Nitawaambia," nikasema. "Sasa hivi, kwenye grupu. Nitawaambia mimi ndiye niliyesema uongo. Watakuja, Godelive, watanunua hata..."

"Waambie." Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonitisha. "Ameshasaini."

Nilibaki kizingitini, mguu mmoja ndani, mwingine nje. Chini, magari ya taxi yalikuwa yanapiga honi kutafuta abiria. Aliinuka, akafunua sufuria ya kwanza, akachukua sahani kwenye rundo ambalo halikuguswa.

"Umekula?"

"Bado."

"Ingia basi, Mama Serge. Ingia ule. Iko nyingi."