Kipepeo Huonja kwa Miguu

Katika maktaba yetu hakuna anayejua mambo mengi kuliko mimi. Ni kweli tuko wafanyakazi watatu tu, na mmoja ni mlinzi anayesinzia tangu asubuhi, lakini ushindi ni ushindi.

Mimi ni mfagiaji. Shule niliishia darasa la saba. Wengine wakifuta vumbi la kitabu hupiga kitambaa mgongoni, wakapita. Mimi hufuta ukurasa kwa ukurasa, na macho hayana pazia. Ndiyo maana najua kwamba jicho la mbuni ni kubwa kuliko ubongo wake, na kwamba konokono, pamoja na upole wake wote, ana meno kwa maelfu. Kwa miaka sita nimefuta juzuu kumi na moja za ensaiklopidia. Zilibaki tisa.

Jumatatu moja nikazikuta zote ishirini kwenye maboksi mlangoni, na dereva wa kiwanda cha trei za mayai anatayarisha kamba.

"Zinakwenda kusagwa," alisema mkutubi, bosi wetu, kijana ambaye hata kalamu yake ina mfuko wake. "Daftari linaonyesha hakuna aliyeziazima kwa miaka tisa."

"Wafagiaji haturuhusiwi kuazima," nikasema. "Mimi nazisoma hapahapa."

"Wewe unafuta vumbi, mama."

Nikakaa juu ya boksi. Mimi si mwembamba, nikikaa, nimekaa.

"Dereva, hebu mwinue."

"Mimi nimetumwa vitabu, bosi," dereva akajibu. "Mama hayumo kwenye karatasi yangu."

Nesi mstaafu, ambaye huja kila siku kusoma gazeti la bure, akalikunja gazeti na kusogeza kiti karibu.

"Haya mwanangu," nikamwambia bosi, "wewe umezikagua?"

"Nimezisoma zote, jalada hadi jalada. Ndiyo maana nikasaini kwamba hazina faida tena."

"Basi nijibu hili dogo. Kipepeo huonja kwa kiungo gani?"

"Kwa ulimi. Kwani wewe unaonja kwa nini?"

"Kwa miguu. Akitua tu juu ya jani, keshajua ladha yake."

Dereva akatazama chini. "Kwa viatu hivi, mimi ningekuwa kipepeo ningeshakufa."

Nesi alicheka mpaka akashika ubavu. Bosi hakucheka.

"Hayo ya juzuu za mwanzo yamenitoka," akasema. "Wewe mwenyewe za mwisho hujazifikia, sivyo? Basi tushindane kwa hizo. Hii ya ishirini nimeimaliza jana. Ukinishinda, vitabu vinarudi kabatini. Ukishindwa, unainuka."

Akaichomoa na kumpa nesi awe mwulizaji. Alinipata pabaya, huko sikuwa na hata neno moja. Nikashika pembe za boksi kwa mikono miwili. Nikaapa moyoni kwamba nikishindwa, watanipakia na mimi.

Nesi akafungua kitabu. Akafungua tena mahali pengine. Akajaribu kupenyeza kucha. Juzuu hizi ni za zamani. Zilitoka kwa mchapaji kurasa zikiwa zimeshikana kwenye mikunjo, na msomaji wa kwanza ndiye huzikata kwa kisu. Zangu kumi na moja nilizikata mwenyewe.

"Bosi," nesi akasema, "hii umeisoma jana?"

"Yote."

"Ukurasa kwa ukurasa?"

"Hata maelezo ya chini ya picha."

Nesi akakiinua kitabu kwenye mwanga wa mlango ili sote tuone. Mikunjo yote ilikuwa mizima, imebana kama midomo ya mtoto anayekataa dawa.

"Sasa mwanangu," akauliza kwa upole, "uliingilia wapi?"