Kikombe Alichokimwaga Saturnina

Sheria yetu ya Peru humfunga aliyejaribu kuua, hata kama hakuna aliyekufa. Lakini aliyeghairi kwa hiari yake, kabla jambo halijatimia, humwacha aende zake. Hilo neno hiari liliniumiza kichwa nilipomtetea Saturnina Huamaní.

Shemeji yake, Eleuterio, ndugu wa marehemu mumewe, alikuwa amesogeza mawe ya mpaka hadi katikati ya shamba la viazi ambalo Saturnina aliachiwa na mumewe huyo. Siku ya kuvuna, Saturnina akamkaribisha Eleuterio nyumbani, akatia sumu ya panya kwenye mtungi wa chicha, pombe yetu ya mahindi. Hasira ilimsahaulisha jambo ambalo hata mtoto wa huku kwetu milimani analijua: mwenyeji hunywa kwanza, ndipo ampe mgeni. Alikumbuka kikombe kikiwa mkononi, Eleuterio akimtazama. Akakimwaga chini. Mbwa akalamba, akafa palepale. Eleuterio akakimbilia polisi.

"Mwendesha mashtaka atasema uliogopa kufa wewe," nilimwambia tulipokutana mahabusu. "Huko si kughairi, Mama, ni kukwama. Utafungwa. Sasa niambie, ulimwaga kwa nini?"

"Wewe ungependa iwe kwa nini, mwanangu?"

"Sitaki unifurahishe. Nataka ukweli."

"Ukweli ningeupeleka mwenyewe. Wakili wa nini?"

Nilikasirika, nikafunga jalada langu na kuondoka.

Mahakamani hakimu alimuuliza swali lilelile. Saturnina aliinamisha kichwa. "Alicheka, mheshimiwa. Anacheka kama marehemu mume wangu. Nikamwonea huruma." Mimi nilimwamini kwa moyo wote. Hakimu naye aliamini, akamwachia huru.

Eleuterio alitungojea nje, kofia mkononi.

"Shemeji, sina ugomvi tena," alisema. "Nataka kujua kitu kimoja tu. Ingekuwa kwetu mgeni ndiye anayetangulia kunywa, je?"

Nilimvuta Saturnina mkono asijibu. Akautoa mkono wangu taratibu.

"Ungekunywa," alisema.

Eleuterio alivaa kofia, akateremka ngazi bila kuaga. Saturnina akanigeukia, akanishukuru, akaniuliza kama nimekula. Nilitazama mlango wa mahakama. Hakimu alikuwa ndani, keshaita kesi nyingine, na mbali na Eleuterio, aliyesikia jibu lile ni mimi niliyemtoa kifungoni.