Vifungo vya Koti la Theluji

Tangu asubuhi fundi cherehani alikuwa hakai wala hasimami. Anashika pasi, anaiacha. Anatunga uzi kwenye sindano, anauchomoa. Gari la kumpeleka binti yake uwanja wa ndege lingekuja saa nane mchana, na binti alikuwa anakwenda kusomea uuguzi nchi ya theluji. Koti alilomshonea, la sufu nzito, lilikuwa limetundikwa tayari tangu juzi.

Aliyemharibia utulivu ni Napoleon, yule mfalme wa Ufaransa wa zamani. Mtaani fundi walimwita Jenerali, maana simu yake ilijaa filamu za vita vya Napoleon, na kando ya cherehani alikuwa na kitabu chakavu cha vita hivyo, kisicho na jalada, alichokisoma kwa kurukaruka. Jana jioni msimulizi mmoja wa kwenye simu kasema jeshi la Napoleon lilikwenda Urusi na makoti ya vifungo vya bati, baridi ikavila vikawa unga, askari wakabaki wameshikilia makoti kwa mikono.

Jenerali akatazama koti. Vifungo sita vinang'aa. Bati au si bati, nani ajuaye? Kimoja akakifumua, akakigandisha usiku kucha kwenye trei ya barafu ya friji. Asubuhi mkewe akatia barafu kwenye maji, akakikuta ndani ya glasi yake, nusura akimeze, akamuuliza kama vita vimehamia jikoni. Kifungo kilikuwa kizima. Lakini friji si Urusi, fundi akajiambia, na saa tano akashika wembe akafumua vitano vilivyobaki, akatoka kutafuta vya mbao. Duka hadi duka, hakuna. Saa saba karudi mikono mitupu, kamkuta binti kwenye kiti chake, koti magotini, kifua chote wazi.

Mke alisema yake, na yalikuwa mengi. Kwamba mtoto atapanda ndege kashikilia koti kama hao askari wake. Binti hakugomba. Alikuwa na kile kitabu, akamfungulia ukurasa ambao mzee aliuruka.

"Baba, huyu mwandishi anasema askari wengi walikwisha mapema, wakati wa joto. Njaa na kuhara. Theluji iliwakuta wamebaki wachache. Hicho kisa cha vifungo anakiita porojo."

Fundi akasoma, kidole kikifuata mstari. Akarudia.

"Njaa?"

"Njaa, baba."

"Wewe umekula?"

"Nani angekula, na wewe unazunguka hivi?"

Hapo ndipo alipokaa. Vifungo vyote sita akavirudisha kwa uzi wa mara mbili. Kisha, badala ya kumpa koti, akakata kipande cha bitana, akaanza kushona mfuko mkubwa kwa ndani, huku anamwagiza mkewe mkate na mayai ya kuchemsha.

Nje honi ikalia. Ikalia tena.

"Mwambie dereva asubiri," akasema bila kuinua kichwa. "Mfuko bado upande mmoja."

Uzi aliukata kwa meno binti akiwa keshalivaa koti, yai la kwanza limo mfukoni.