Mwanga wa Shimoni

Gideoni alikuwa mpiga picha wa Makambako. Kazi yake ilikuwa watu: maharusi, makarani, watoto waliopata kipaimara, wote kwenye kiti kilekile mbele ya pazia lilelile. Ndege kwake alikuwa mwizi wa ulezi, basi.

Siku moja, akitoka Njombe kwa baiskeli, mvua ilimbana chini ya mwamba kwenye mteremko wa majani. Ilipokatika, mbayuwayu akatua kwenye kijiti karibu naye. Filamu ilikuwa imebakiza picha moja, akaona aimalize. Alipoisafisha nyumbani aliona vitu ambavyo macho yake yalivipita tangu utoto: mkia wenye nyuzi mbili ndefu, na tone la maji mdomoni. Tangu hapo kila Jumamosi alidandia lori, akashuka mteremkoni. Ndege hampi picha mtu mwenye haraka, kwa hiyo alijifunza kukaa. Na alipokaa, mteremko ulianza kujaa: maua madogo chini ya nyasi, panzi, upepo unaolaza majani kabla mvua haijafika.

Mkewe Tabea alimcheka mbele ya majirani. "Baba Jeni, mimi ulinipiga picha siku ya harusi tu. Sasa na mimi niote mkia?"

Mwaka ule Wazungu walikuwa wanalima miteremko ya Njombe kupanda miwati, miti ambayo magome yake hutumika kutengenezea ngozi. Odilo, dereva wa trekta, alimwambia bila kuzunguka kwamba baada ya Krismasi ni zamu ya mteremko ule. Gideoni akaenda kwa msimamizi, Mzungu mpole, kuomba kipande kile kiachwe kwa ajili ya mbayuwayu. Msimamizi akamjibu kwamba akiletewa picha ya kiota chenye makinda, atakiacha.

Kiota kilikuwa ndani ya shimo la muhanga, yule mnyama mla mchwa. Picha zote zilitoka nyeusi tii, na taa ya kumulika hakuwa nayo. Basi akafanya kama afanyavyo kwa watu anapovuta pazia mwanga uingie. Alishika panga, akafyeka majani yaliyoning'inia mlangoni mwa shimo, akabomoa na ukingo kidogo. Jua likaingia. Makinda matatu, midomo wazi, mama yao juu yao. Hakuwahi kupiga picha nzuri kama ile.

Msimamizi aliitazama sana, akaisifu, akataka kwenda kuona mwenyewe. Walikuta kiota kiko chini vipande vipande, manyoya yametapakaa, na nyayo za nguchiro kwenye udongo ambao Gideoni aliulegeza kwa mkono wake. Mzungu alitazama majani yaliyofyekwa, kisha akamtazama yeye.

"Hapa hapana ndege," alisema.

Wiki hiyohiyo Odilo akalima.

Picha, nyeusi na nyeupe kama zake zote, aliitundika ukutani. Wateja wakauliza ni kunguru gani mdogo hivyo. Mwanzoni aliwaeleza kwamba si mweusi, ni wa buluu, buluu inayowaka juani. Walitazama tena, weusi ukabaki weusi. Akaacha kueleza.

Septemba alipita pale mteremkoni ndani ya lori. Miche ya miwati ilikuwa imefika magotini. Mbayuwayu wawili waliruka chinichini juu ya mistari, wakaenda, wakarudi, wanatafuta mlango wa shimo. Kamera ilikuwa mapajani mwake, ina filamu. Hakumwambia dereva asimame.