Marquesa Hajatoka Shimoni

Uliona. Usije ukaniambia leo kwamba jua lilikupiga machoni, au kwamba ulikaa mwisho wa meza, au kwamba mtoto alikuwa analia. Sungura walining'inizwa kwenye kamba mbele ya kanisa, miguu juu, urefu wa ukuta mzima, nawe ukapita chini yao na sahani yako mkononi. Ulitazama juu. Uliyaona makucha. Halafu ukainamia sahani, ukasema, "Wali wa mwaka huu umeiva vizuri."

Kijiji hiki hakina mtu asiyejua makucha ya sungura. Tumezaliwa tukiwachuna. Sungura wa porini anachimba, na anayechimba makucha yake huwa mafupi, butu, yameshika udongo mwekundu ambao hata usugue na majivu hautoki. Wale wa ukutani walikuwa na makucha marefu yaliyopinda, safi kama ya bibi harusi. Nyayo zao zilikuwa za manjano, rangi ya mnyama aliyeishi juu ya mkojo wake ndani ya kizimba. Na mmoja, ndugu yangu, mmoja alikuwa na masikio yaliyolala kama majani ya kabichi iliyokosa maji! Tangu lini pori la La Mancha likazaa sungura wa masikio ya kulala?

Nawe ukala. Ukaongeza.

Ngoja nikukumbushe tulikotoka, maana kijiji hiki kusahau ni ugonjwa wa ukoo.

Baba yangu alipigwa kofi kwa ajili ya sungura mmoja. Ilikuwa miaka ya njaa, baada ya vita, na ardhi yote inayoonekana kutoka mnara wa kanisa mpaka kinu kilichobomoka ilikuwa ya bibi mmoja kabaila tuliyemwita kwa cheo chake, Marquesa. Aliishi Madrid. Alikuja mara moja kwa mwaka kulalamika juu ya vumbi. Sungura walikuwa wake, vumbi lilikuwa letu. Mlinzi wake alimkuta baba na sungura ndani ya shati, bado ana joto. Akampiga kofi, akamchukua sungura, akaenda kumla yeye na mkewe. Jina la mlinzi yule lilikuwa Carrascosa. Mwanawe ndiye Evelio Carrascosa, mwenye baa, mwenyekiti wa chama cha wawindaji. Ana kicheche wa kufugwa, mrefu, mwembamba, mweupe, wa kuingizwa mashimoni kuwafukuza sungura watoke. Amempa jina Marquesa. Mimi sisemi kitu. Nakumbuka tu.

Baadaye ukaja ugonjwa wa macho. Sungura walitembea barabarani mchana kweupe, macho yamevimba kama maharage yaliyolowekwa, wakigonga magurudumu ya mikokoteni. Wakapungua, wakarudi. Ukaja ugonjwa mwingine, wa kutoka damu puani, ukawafagia tena. Wakulima tukapumua. Wawindaji wakavaa nyuso za msiba, wakaenda kuleta sungura wengine kutoka kusini kwa masanduku, wakawajengea nyumba za mawe na mbao, wakawawekea matangi ya maji ya kunywa. Ukame ule unaukumbuka? Mtaa wetu ulikuwa unakatiwa maji kila mchana. Sungura hawakukatiwa.

Halafu ikaja reli ya treni ya kasi. Wakamwaga tuta refu la udongo laini katikati ya nchi ngumu kama tofali, wakalizungushia uzio pande zote mbili ili mtu asiingie, mbwa asiingie, bunduki isilie. Ungewapa sungura kalamu wachore pepo yao wenyewe, wasingefikia hapo. Wanalala kwenye tuta, wanakula kwetu. Na wanazaana kama sungura, maana ndivyo walivyo.

Uliza ni wa nani. Watu wa reli watakwambia, anayekula nje ya uzio si wetu. Watu wa mkoa watakwambia, waulize wenye haki ya kuwinda. Wenye haki ya kuwinda watakwambia, analala kwa reli, kaiulize reli. Sungura akitafuna mzabibu hana mwenyewe. Hebu mpige jiwe, uone wenyewe wanavyojitokeza na kadi za uanachama.

Sasa Casilda Mondéjar. Unamjua, usijifanye. Binti wa marehemu Saturio, aliyerudi kutoka Valencia alikokuwa akifua mashuka ya hospitali, akapanda mizabibu katika shamba la babake chini ya tuta la reli. Miche ya kwanza sungura waliimenya magome kipupwe kile kile, ikabaki vijiti. Ya pili akaivika vibomba vya plastiki. Sungura wakavitumia kama vivuli vya kupumzikia, wakasimama kwa miguu ya nyuma, wakala kilichochomoza juu. Hii iliyopo sasa ni ya tatu, na hana ya nne. Watu wa paneli za jua wameshakuja jikoni kwake mara mbili, wakanywa kahawa yake, wakamsifia jua lake. Amewaambia wasubiri mpaka sikukuu ya Mtakatifu Yohana, mwezi wa sita. Mizabibu ikifika siku hiyo na majani, anabaki. Isipofika, anauza shamba, anafunga mlango, na upande ule wa kijiji hautakuwa na mtu tena, ila vioo vikitazama juu.

Mwezi wa tatu aliingia baa, viatu vina matope, nami nikiwepo.

"Evelio, sungura wako wanamaliza mizabibu yangu."

"Wangu? Walikuonyesha vitambulisho?"

Baa nzima ikacheka. Nawe ulicheka, nilikuona.

"Sawa," Casilda akasema. "Kama si wako, kesho nawaua."

"Polepole, binti! Sungura ni mali ya chama. Kuna utaratibu."

"Mmesikia?" nikasema mimi. "Waliingia humu yatima, sasa hivi wamepata baba."

"Leoncio, kunywa kahawa yako."

"Kahawa yako haina kosa. Mwenye baa ndiye mchungu."

Casilda hakucheka. Alikwenda zake, akashtaki mkoani, na safari hii, sijui kwa muujiza gani, mkoa ukajibu: chama kiwapunguze sungura wa tuta lile kabla ya sikukuu ya Mtakatifu Marko, mwishoni mwa mwezi wa nne, la sivyo upande ule wote unaondolewa kwenye eneo lao la kuwinda. Evelio akabadilika rangi. Ule upande ndio anaowapeleka matajiri wa Madrid kila vuli, na tajiri hapandi gari kuja kutazama tuta tupu. Akapanda kwenye ngazi za kanisa, akatangaza: Alhamisi, uwindaji mkuu. Jumapili, wali wa sungura kwa kijiji kizima, bure, kusherehekea ushindi. Watu mkapiga makofi kwa ajili ya neno "bure".

Alhamisi nilikwenda kutazama. Wawindaji walikuja na nyavu ndogo za kufunika midomo ya mashimo yanayotokeza nje ya uzio, na soseji, na mvinyo, na viti vya kukunja. Evelio akamtoa Marquesa kwenye sanduku lililotandikwa shali ya mkewe. Akambusu utosini. Kisha akamvua kifungo cha mdomo kinachomzuia kung'ata.

Casilda akashtuka. "Evelio, si unamwacha mdomo wazi? Ataua humo humo, ale, alale."

"Kinamkwaruza pua," Evelio akasema. "Marquesa hana tabia hizo. Ana malezi."

Marquesa akaingia. Tukasubiri. Soseji zikaliwa. Mvinyo ukazunguka. Treni ikapita, abiria wote wameinamia simu, hakuna aliyeinua kichwa. Mchana ukageuka, sungura wawili wakatokea kwenye shimo moja ambalo halikuwekewa wavu, wakatutazama, wakarudi ndani.

"Wamekuja kuhesabu wageni," nikasema.

"Anafanya kazi ndani kwa ndani," Evelio akasema.

Jua lilipoanza kuzama walikunja viti. Hawakuwa na sungura hata mmoja, na sanduku la Marquesa lilikuwa tupu. Evelio aliliacha pale wazi, na shali ndani, akaondoka akigeuka geuka nyuma kama mtu aliyemwacha mwanawe bwenini.

Na Jumapili, haya basi, ukuta mzima wa sungura! Evelio amevaa koti la harusi. "Ndugu zangu," akasema, "tuta limekwisha. Hakuna aliyebaki. Kazi ya vijana wetu." Sufuria zinachemka, harufu ya zafarani na kitunguu saumu imefika mpaka makaburini. Shangazi Práxedes, shangazi yake Casilda, ambaye kwa umri wake hamwogopi tena hata padri, akakamata mguu wa sungura mmoja, akaugeuza.

"Huyu," akasema, "hajakanyaga udongo tangu azaliwe."

Waliokuwa karibu wakakohoa. Mmoja akamwambia, "Shangazi, kula kwanza, wali utapoa." Kula na kipofu usimshike mkono, ndiyo siasa yetu. Mimi nilipanda juu ya benchi nikaanza kuwaambia habari za baba yangu na lile kofi, na mlinipigia kelele nikae, kwa sababu nilikuwa nimeikanyaga mikate.

Aliyesimama baada yangu ni Casilda. Hakupanda benchi. Alikuwa na sahani ambayo hajaigusa.

"Bwana Evelio. Hawa wote wametoka kwenye tuta la reli?"

"Wote, binti. Shimo hadi shimo."

"Na hakuna aliyebaki?"

"Hakuna hata wa dawa."

"Mbele ya wote hawa unasema?"

"Mbele ya wote, na mbele ya kanisa!"

"Basi nakushukuru," Casilda akasema, akaweka sahani chini. "Kama mashimo ni matupu, hayana kazi. Kesho asubuhi nayafukua yote ya upande wangu, nayajaza, nafukia wavu wa waya chini ya uzio mzima. Chama hakina la kupinga, si ndiyo? Hakuna mali yenu humo."

Hapo Evelio Carrascosa, mwana wa Carrascosa, akaanza kuvuta vifungo vya koti. Akatazama sufuria. Akatazama upande wa reli.

"Si kesho," akasema.

"Kwa nini si kesho?"

"Tungoje… tungoje udongo ulainike."

"Umelainika. Mvua imenyesha Ijumaa."

"Casilda, mwanangu, nakuomba. Usiyazibe."

"Kwa nini, kama ni matupu?"

Na mtu yule akapasuka. Sauti ikatoka nyembamba kama ya mtoto: "Marquesa bado yumo!"

Shangazi Práxedes akaweka mkono sikioni. "Nani yumo?"

"Marquesa. Hajatoka shimoni."

"Tangu Alhamisi?"

"Tangu Alhamisi."

"Maskini," Shangazi akasema. "Na humo ndani anakula nini siku zote hizo, ikiwa sungura wamekwisha?"

Ndipo mkacheka. Mlicheka mpaka wali ukatoka puani, mlipiga meza, padri alijifuta machozi kwa leso ya altare. Njia ya mwongo ni fupi, mkasema, mkapigana mabega. Evelio amesimama katikati, chozi linamdondoka kweli, na bado analia kwa ajili ya kicheche. Mlidhani kicheko kile ni kitendo. Mlidhani mkishacheka mmeshamaliza. Kisha mkafuta sahani kwa mkate mkaenda kulala.

Leo ni Jumatatu. Nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya wavu wa waya uliokunjwa, mgongo umenikataa kidogo. Evelio alikuja alfajiri. Amelala kifudifudi mbele ya shimo, koti lile lile la harusi, na ini la kuku kwenye kamba. "Marquesa, mama, toka. Toka mama, baba amekuja." Saa tatu hivi alitoka. Amenenepa! Mdomo mwekundu, tumbo linaburuzika. Akatutazama kama bibi aliyeamshwa kabla ya wakati wake, kisha akapiga chafya kwa sababu ya vumbi.

"Anafanana naye," Shangazi Práxedes akasema. Naye anamkumbuka yule wa Madrid.

Evelio akamfunga ndani ya shali, akaugeuza uso kuelekea kijijini. Casilda akamnyooshea koleo. Evelio akatazama koleo, akatazama mizabibu, akavua koti. Sikumpongeza. Lakini anachimba, na anachimba vizuri kuliko nilivyotarajia. Babake hakuwahi.

Basi tuko wanne. Casilda, Evelio, mimi, na Shangazi juu ya kiti akitoa amri. Chini ya uzio wavu umefika nusu. Nusu iliyobaki iko wazi, na mizabibu imechipua wiki hii, vichipukizi laini vya rangi ya maziwa, vile vile wanavyovipenda. Jua likizama watatoka. Hawatajali nani aliunga mkono nani mbele ya kanisa. Wataingia penye uwazi.

Usiniambie uko baa. Baa imefungwa, mwenyewe yuko hapa na malengelenge mikononi. Usiniambie sungura si wako. Ulipomla jana hukuuliza ni wa nani, ukaongeza. Jembe lako liko nyuma ya mlango, nalijua, lina mpini mpya. Shuka kwa njia ya kinu, ni karibu zaidi, na umwite jirani yako ukipita, hata kama hamsemezani.

Nyanyuka. Jua limeshapita utosini. Chukua jembe, njoo sasa.