Usingizi Safi, Usingizi Fifi

Jumatatu jioni, baada ya kuwafungia maksai wake wawili zizini, Shigela alichukua gunia tupu, akalikung'uta vumbi ukutani, akaenda ghala la chama cha ushirika kupima usingizi wake. Aliwakuta watu wawili wamemtangulia, mmoja kaleta choroko na mwingine pamba ya mwisho wa msimu. Akasubiri zamu yake.

Ilipofika, alisogeza mdomo kwenye gunia akapiga miayo. Alipiga bila haraka, mmoja baada ya mwingine, mpaka gunia likatuna. Kristofa, karani wa mizani, aliingiza mkono ndani kuchagua daraja, kwa maana usingizi nao, sawa na pamba, una safi na una fifi. Usingizi wa pono ni safi. Usingizi wa mang'amung'amu, wa kushtuka kila mbwa anapobweka, ni fifi, na hauwezi kupunguza deni la mtu.

"Safi, baba," Kristofa alisema, akalifunga gunia kwa kamba ya katani na kulitundika kwenye ndoano. "Wa leo mzito."

"Nilishiba," Shigela alijibu.

Kristofa akasoma uzito, akataja pungufu kidogo ya alichokiona. Mizani ile haikuwahi kumpendelea mkulima, iwe kwa pamba, iwe kwa usingizi. Shigela akapokea stakabadhi yake, akaenda zake nyumbani kukaa macho hadi asubuhi.

Deni lenyewe lilianza na trekta. Ulikuwa mwaka wa pili tangu operesheni ya vijiji iwatoe watu kwenye miji yao ya zamani, walikoishi mbali mbali kila mtu na ua wake wa minyaa, na kuwapanga katika kijiji cha Mwagulanja, nyumba zimenyooka mstari kama watoto wa shule. Chama kilikodi trekta limlimie kila mwanachama. Shambani kwa Shigela lililima upande wa magharibi vizuri sana, likafika katikati, likakohoa, likazima. Likavutwa kurudishwa Bariadi. Hati ya madai ilipokuja ilidai shamba zima.

Upande wa mashariki ulilimwa na Nyanjige, mke wa Shigela, kwa jembe la mkono. Siku hizo Shigela na maksai wake walikuwa wanasomba matofali ya ofisi ya kijiji, kazi ya kujitolea ambayo asiyejitolea alipigwa faini. Udongo mweusi wa mbugani ukikauka ni jiwe, na mwaka ule mvua ilichelewa. Nyanjige aliulima hivyohivyo hadi mpakani, akaosha jembe, akasema kifua kinambana, akalala. Pamba ilichanua yeye ameshazikwa.

Msiba una gharama zake. Shigela alikopa ng'ombe wa kuchinjia waombolezaji kwa jirani yake Maganga, na sukari, mchele na bafta ya sanda kwenye duka la Saidi pale Bariadi mjini. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Shigela alikopa kwa ajili ya matanga, kwa hiyo wahenga hawakumwachia maelekezo yoyote. Halafu mvua ikakatika kabisa, pamba ikaishia magotini, na kijiji kizima kikawa kinakula unga wa njano wa msaada. Maganga akaja kudai. Saidi akatuma mtu. Chama kikabandika jina lake mlangoni. Maji yakamfika shingoni.

Aliyemwokoa alikuwa Mektilda, katibu wa chama, mama mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja. Alikuwa amehudhuria kozi ya ushirika, akarudi anaamini kwamba hakuna deni lisilolipika likigawanywa vizuri. Aliwaita wadai wote watatu ofisini, akawaketisha kwenye benchi moja, akawaambia kuanzia leo watalipwa kwa mpango. Hakuna atakayekwenda kumgombeza mdaiwa nyumbani wala kumkamata maksai, maana mtu asiye na maksai atalima na nini, na asipolima atalipa nini? Wadai wakakubali. Ikabaki swali la kitu chenyewe cha kulipia.

"Fedha huna, mzee," Mektilda alisema. "Chakula huna. Usingizi je?"

Shigela akafikiri. "Usingizi ninao."

Ni kweli alikuwa nao, tena mwingi, na tusizunguke mbuyu: aliupenda kuliko kitu chochote alichobakiwa nacho. Tangu mazishi, kila alipolala, Nyanjige alikuja. Aliketi kwenye kigoda karibu na mafiga, akamweleza habari za mbuzi, akamcheka alivyoshindwa kusonga ugali. Hawakuwahi kuzungumza vizuri namna ile alipokuwa hai, kwa sababu alipokuwa hai kulikuwa na kazi.

"Na yule anayekuja humo usingizini?" Shigela aliuliza.

Mektilda alipekua kanuni zake ukurasa hadi ukurasa. Alikuwa mtu wa haki, hakutaka kumdanganya. "Kanuni hazimtaji, mzee. Usingizi unapimwa pamoja na vilivyomo."

Shigela aliwatazama maksai wake dirishani, wamefungwa kwenye nguzo ya bendera. Akaweka dole gumba.

Mpango ukaenda. Siku za mwanzo wa juma usingizi wake ulikuwa wa Saidi, zilizofuata wa Maganga, na zilizobaki wa chama. Wa Saidi ulipelekwa mjini kwa baiskeli. Maganga alikuja kuchukua wake mwenyewe, akaubeba begani. Wa chama ulipakiwa kwenye lori pamoja na marobota ukaenda Maswa, kwa watu ambao Mwagulanja hakuna aliyewafahamu. Kwa ajili ya kujikimu Shigela aliachiwa usingizi wa mchana, ambao ni fifi na haukuwa na mnunuzi. Alijaribu kuulala kivulini, lakini Nyanjige hakuja. Saa zile, maisha yake yote, alikuwa shambani.

Watu walimzoea. Asubuhi majirani walipokutana kisimani walisalimiana "Mwangaluka", lakini Shigela walimwambia "Mwadela", salamu ya jua likishapanda, kwa kuwa ya asubuhi ni ya mtu aliyeamka, na yeye hakuwa amelala. Aliitikia. Usiku alisokota kamba. Hakuna nyumba Mwagulanja iliyokosa kamba mwaka ule.

Siku moja alikwenda mjini kununua chumvi. Saidi, ambaye kabla ya mpango hakuwa amefumba jicho tangu tetesi zianze kwamba maduka ya watu binafsi yatafungwa, sasa alikuwa amenenepa mashavu.

"Karibu, Mzee Shigela. Mkeo anakusalimia."

"Namshukuru. Hajambo?"

"Hajambo. Anasema jogoo mwekundu ana kideri, mtenge na wenzake."

Shigela akafunga chumvi yake kwenye kitambaa. Hakuondoka. Saidi alimwona, naye akaona aibu kidogo, akaanza kupanga upya vibiriti vilivyokwisha pangwa.

"Wallahi sikumtuma kazi, mzee. Lakini mimi nikilala naota duka. Naye akifika dukani hakai. Anashika ufagio, anapima sukari, anahudumia wateja. Na wateja wa ndotoni ni wengi, hawaishi."

"Ndivyo alivyo," Shigela alisema.

Kwa Maganga ilikuwa hivyohivyo. Maganga alikuwa na ng'ombe wengi na aliota ng'ombe tu. Nyanjige akawa anateka maji kisimani na kuyamimina kwenye birika la kunyweshea, na ng'ombe wa ndotoni walikunywa bila kushiba. Wa Maswa wao waliota kinu cha pamba. Dereva wa lori alileta habari kwamba yuko mwanamke wa Kisukuma anayeonekana kule kila usiku, kichwa cheupe kwa nyuzi za pamba, anailisha mashine pamba. Fundi mkuu alikuwa anamsifu.

Kisha jambo la trekta likatoka. Nyanjige alimwambia Saidi huku anapima mchele: upande wa mashariki haukulimwa na trekta, niliulima mimi. Alimwambia Maganga vilevile, ndoo mkononi. Kule Maswa alimwambia yeyote aliyekuwa amelala. Maganga, ambaye kwa kudai hana aibu lakini kwa kusema uongo anayo, alikwenda mwenyewe kwa Mektilda. "Katibu," alisema, "marehemu amesema, na marehemu hana faida ya kusema uongo."

Ukaitishwa mkutano wa kijiji. Saidi alikuja na baiskeli yake akatoa ushahidi, Maganga akatoa wake, dereva wa lori akathibitisha maneno ya Maswa. Yalilingana yote. Hakuna aliyebisha, kwa kuwa kila aliyekuwapo alikuwa amepita njia ile mwaka ule na kumwona Nyanjige ameinama peke yake mbugani. Walikuwa wanajua tangu mwanzo. Kilichokosekana ni mtu wa kulisema kwanza, na marehemu amelisema. Mwenyekiti akauliza kama wanaafiki. Wakanyoosha mikono. Ikaandikwa kwamba mkutano umepokea ukweli, na unamshukuru marehemu kwa kuuleta.

Mkutano ulipotawanyika Shigela alimfuata Mektilda. "Basi nusu ya deni la trekta imeondoka?"

Mektilda alivua miwani. Bila miwani alionekana mdogo na mchovu. "Hati ya madai ilishakwenda juu, mzee. Juu wanajua shamba moja, limelimwa lote. Nikipunguza hapa, kule itaonekana nimekula mimi."

"Lakini mmeupokea ukweli."

"Tumeupokea. Upo kwenye faili." Akamtazama. "Ningekuwa na uwezo ningelifuta leo. Sina."

Shigela alimwamini, na kumwamini kulimuuma kuliko kama angemshuku. Mtu mbaya unaweza kumlaani ukapumua.

Akaendelea kulipa. Alimaliza kwa Maganga kwanza, halafu kwa Saidi, ambaye alimfungia nusu ratili ya sukari bure na kusema duka litakuwa kubwa sana bila yule mama. Mwisho akamaliza la chama, mashariki na magharibi. Mektilda alimkabidhi stakabadhi yenye mhuri, akampa mkono, akasema yeye ni mfano kwa wanachama. Kristofa alipiga makofi, kisha akapiga miayo, ingawa yeye alionekana mtu aliyelala vizuri kwa mwaka mzima.

Jioni ile Shigela alioga. Alikula michembe ya viazi na maziwa, akatandika ngozi ya ng'ombe, akajifunika. Alikuwa na wasiwasi wa bwana harusi. Alijiuliza kama mkewe bado ataijua njia.

Nyanjige alikuja. Alisimama mlangoni kidogo, kama mgeni anayengoja kukaribishwa, halafu akaingia. Alikuwa na nyuzi za pamba hadi kwenye kope. Miguu yake ilikuwa na tope la kisimani, na mikononi malengelenge mapya juu ya yale aliyozikwa nayo. Kigoda kilikuwa pale pale, hakukikalia. Alilala kwenye ngozi, upande wake, akasinzia kabla Shigela hajamaliza kusema pole.

Shigela hakumwamsha. Aliketi ndani ya ndoto yake mwenyewe akamlinda mkewe, akimfukuzia inzi wa ndotoni, na moyo wake ulijaa huzuni na furaha hata asijue ipi ni ipi. Asubuhi aliamka amechoka kuliko siku zote. Usiku uliofuata akamlinda tena. Ilipita mvua ya kwanza na ya pili ndipo Nyanjige akafumbua macho, akaomba maji, akauliza ni nani aliyekuwa anasonga ugali mbaya namna ile. Wakacheka. Yakafuata majuma mazuri, na katika majuma hayo Shigela hakuwa na haja ya kitu kingine duniani.

Kisha mbiu ya mgambo ikalia. Kila kaya ilime ekari moja ya pamba, ni amri. Dawa ya wadudu itatolewa kwa mkopo, na trekta litapita mashamba yote, kwa mkopo pia. Shigela alikwenda ofisini akasema ana maksai, atalima mwenyewe, na wadudu atawatoa kwa vidole. Mektilda hakumwinulia macho. Alisema mashamba yamepangwa pamoja, trekta haliwezi kuruka shamba la mtu katikati, na asiyechukua dawa atashtakiwa kwa kuwafugia wenzake wadudu. Nje trekta lilikuwa linanguruma. Lilikuwa lile lile, limepakwa rangi.

"Na dhamana, mzee?" Kristofa aliuliza, lakini alikuwa ameshaandika. Siku hizo kijijini hakuna aliyeweka rehani mbuzi wala baiskeli. Wadai walikuwa wameonja kitu bora.

Shigela aliweka dole gumba.

Alipolala alitaka kumficha mkewe habari hiyo, ila ndani ya usingizi mtu hana pa kuficha kitu. Akamweleza, akianza na habari za mvua, halafu mbiu, halafu trekta. Nyanjige alisikiliza hadi mwisho bila kumkatiza. Hakulia, wala hakumlaumu. Alisimama, akajifunga khanga kiunoni, akauliza safari hii anaanzia kwa nani.